Kubadili diski ya laptopu ya studio: shajara ya kazi, Moshi, Machi hadi Juni 2025

10 Machi 2025: Mashine na hali yake

Mashine ni Lenovo ThinkPad T480 ya mtumba: prosesa ya Intel kizazi cha nane, RAM ya GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500. Ndiyo inayobeba studio yetu ndogo hapa Moshi: pasipoti, vipaimara, sendoff, harusi. Kwaresima imeanza Jumatano iliyopita, na mpiga picha yeyote wa Kilimanjaro anajua maana yake. Harusi nyingi za kanisani husubiri Pasaka ipite. Nafasi ya kuifungua mashine bila mteja kudai albamu yake ni hii.

Tangu Desemba, watu walipopanda kwao na kazi zikaja kwa mkupuo, mashine imekuwa ikitutesa. Ukiiwasha, inapita dakika nne kabla haijakubali kazi. Ukifungua Lightroom, programu yetu ya kupanga na kuhariri picha, Task Manager inaonyesha diski imefika asilimia 100 na kuganda hapo, huku prosesa haifanyi lolote la maana. Kwa hiyo tatizo si prosesa wala si virusi. Ni diski.

Nimeipima kwa CrystalDiskMark. Kusoma faili kubwa kwa mfululizo: MB 104 kwa sekunde. Kusoma vipande vidogo vya KB 4 vilivyotawanyika: MB 0.6. Namba hiyo ya pili ndiyo inayoeleza mateso yote. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huhitaji milisekunde 8 kuzunguka mara moja, na kwa kila kipande kidogo kichwa cha kusomea lazima kihame kisha kisubiri sahani ifike mahali pake. Windows inapowaka, au Lightroom inapotafuta vijipicha elfu kumi, kazi yote ni vipande vidogo.

Kisha nikafungua CrystalDiskInfo, inayosoma afya ya diski. Rangi ya njano, na neno la tahadhari. Kipengele C5, yaani sekta (vijisehemu vya diski) zinazosubiri kuamuliwa kama ni nzima au mbovu, kilisomeka 38. Angalia hapa: programu hii huandika thamani hizo kwa mfumo wa kumi na sita, hivyo 38 hiyo ni sekta 56. Mipangilio ina sehemu ya kuibadilisha isome kwa namba za kawaida, na ni vizuri kuibadilisha kabla hujamwambia mtu hali ya diski yake.

Mpango ukageuka hapo hapo. Nakala kwanza, mengine baadaye.

12 Machi: Kuhamisha kazi za wateja

Tumenunua diski ya nje ya TB 1 kwa TSh 150,000. Nilianza kunakili kwa robocopy, amri ya Windows ya kunakili faili, jioni, nikaiacha ifanye kazi usiku. Asubuhi imekwama kwenye video moja ya kipaimara cha mwaka jana.

Sababu yake ni hii. Robocopy ikishindwa kusoma faili hurudia, na usipoiambia vinginevyo hurudia hadi mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Kwa diski yenye sekta mbovu, hiyo ni kumtesa mgonjwa usiku kucha. Dawa ni kuongeza /R:1 /W:1 mwishoni mwa amri, irudie mara moja tu, isubiri sekunde moja, iendelee na faili inayofuata, na /LOG ili iandike ilichoshindwa. Kwa mtindo huo ilimaliza kabla ya jioni. Faili zilizogoma zilikuwa chache, na zote za kazi zilizokwisha kukabidhiwa. Video ya kipaimara tuliipata kwa mteja mwenyewe, aliyekuwa bado na flashi tuliyompa. Mama yule alituletea studio bila kinyongo, nami namshukuru hapa.

14 Machi: Kuangalia ndani kabla ya kulipa

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayoamua ununue nini. SSD, yaani diski zisizo na kitu kinachozunguka ndani, ndizo tulizolenga kuweka badala ya ile ya zamani, na za laptopu zinakuja kwa maumbo mawili makubwa. Ya kwanza ni ya inchi 2.5, umbo lile lile la diski ya zamani, inayotumia njia ya SATA. Ya pili ni kipande chembamba cha M.2, na hapo ndipo pana mtego: M.2 ni jina la umbo tu. Ndani ya umbo hilo ziko zinazotumia SATA na ziko za NVMe zinazopita kwenye njia ya PCIe, na sloti inayopokea moja si lazima ipokee nyingine. Urefu nao hutofautiana. Namba 2280 maana yake upana milimita 22, urefu milimita 80. Ya 2242 ni fupi, milimita 42.

Kwenye T480, kabla ya kushika bisibisi, ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) kwa F1, nenda Config, kisha Power, uchague kuzima betri ya ndani. Mashine hii ina betri mbili, na ukichomoa ile ya nyuma, ile ya ndani bado inatoa umeme. Baada ya hapo mashine haiwaki tena mpaka uichomeke chaja. Skrubu za mfuniko hazitoki kabisa, zinalegea na kubaki mahali pake, hivyo hakuna ya kupotea. Mfuniko wenyewe una meno ya plastiki. Tumia kadi ya zamani ya simu ya vocha au kitu laini, usitumie kisu.

Ndani kuna chumba cha diski ya inchi 2.5, unene milimita 7. Mashine yetu ilitoka kiwandani na diski ya kuzunguka, hivyo chumba kina kibebeo cha SATA. Ili uweke M.2 ya NVMe hapo, unahitaji kitako maalumu cha mashine hii, na hata ukikipata, chumba hicho kinapewa njia mbili tu za PCIe 3.0. NVMe nyingi hutumia njia nne. Kwa maneno mengine, ukinunua NVMe iliyoandikwa MB 3,500 kwa sekunde, hapa haitavuka 2,000. Kuna pia sloti ndogo ya modemu inayoweza kupokea M.2 fupi ya 2242, ila hizo mjini sijaziona.

17 Machi: Kuchagua

Nimezunguka maduka ya kompyuta ya mjini, kuanzia upande wa Double Road hadi karibu na stendi, na nikapiga simu Kariakoo. Karibu kila muuzaji alianza na mwendo ulioandikwa kwenye boksi. Mimi nilikaa kwanza na daftari nikaandika kazi ya studio inavyokwenda.

Kadi zetu za kamera ni za aina ya UHS-I. Kikomo cha njia hiyo ni MB 104 kwa sekunde, na kisomeo chetu hutoa kama 90. Basi kadi ikiingizwa, hata SSD iwe na mbio kiasi gani, picha zitaingia kwa MB 90. SATA yenye uwezo wa kama 550 tayari ina nafasi ya kutosha. NVMe ya 2,000 haitaharakisha kuingiza kadi hata kwa sekunde moja. Itasaidia kidogo kwenye kuhariri video nzito, lakini kitako peke yake niliambiwa TSh 60,000 na kusubiri mzigo kutoka nje. Nimeiacha.

Kwa hiyo ni SATA ya inchi 2.5. Ipi?

Ukubwa kwanza. Harusi moja yenye kamera mbili hutupatia kati ya GB 100 na 130. Diski ya GB 240 ingejaa kwa harusi moja, Windows na programu. Kati ya 480 na 500 tofauti inaonekana ya bure, ila ukitaka kunakili diski nzima kama ilivyo, 480 ni ndogo kuliko 500 ya zamani na programu nyingi zitagoma mpaka upunguze patisheni, yaani mgawanyo wa diski. Nilitaka 500.

Uhai wa diski ndio unaowatisha watu, kwa sababu chembe za SSD huchakaa kwa kuandikwa. Watengenezaji hutaja kiwango cha maandishi kwa terabaiti: Kingston A400 ya GB 480 ni 160, Crucial BX500 ya 500 ni 120, Crucial MX500 ya 500 ni 180, Samsung 870 EVO ya 500 ni 300. Tukiandika GB 60 kila siku ya Mungu, na hatuandiki hivyo, hata ile ya 120 ingechukua zaidi ya miaka mitano kufika kiwango chake. Kwa studio kama yetu, kigezo hiki hakitenganishi nzuri na mbaya.

Kinachotenganisha ni mambo mawili ambayo boksi halisemi sana. Kwanza, je, ina RAM yake ya ndani ya kutunzia ramani ya mahali kila kipande kilipo? MX500 na 870 EVO zinayo. A400 na BX500 hazina. Isiyo nayo hulazimika kuisoma ramani kutoka kwenye chembe zenyewe, na kazi nyingi ndogo zikija kwa pamoja inachoka mapema. Pili, inaandikaje ikishajaa eneo la muda? SSD nyingi za sasa huweka biti tatu kwenye kila chembe, nyingine nne. Kuandika hivyo ni polepole, kwa hiyo diski hutenga eneo linaloandikwa biti moja moja kwa kasi, kisha hupanga vizuri baadaye ikipata nafasi. Eneo hilo likijaa kabla haijapata nafasi ya kupanga, unabaki na kasi yake halisi. Kwa mtu wa barua na mahesabu hilo halitokei kamwe. Kwa anayemwaga kadi mbili za GB 64 mfululizo, linatokea kila Jumapili asubuhi.

MX500 na 870 EVO hazikuwepo mjini. Mwenzangu alisema tusidharau ya bei nafuu kabla ya kuipima, na ni kweli. Kuna wenzetu wengi ambao TSh 85,000 ndiyo yote waliyo nayo.

19 Machi: SSD ya bei nafuu

Ni ya GB 512, jina lake sitalitaja, TSh 85,000. Tuliongea wazi kabla ya kulipa.

"Kaka, hii ndiyo inayotoka. Maofisini wote wanachukua hii."

"Sawa dada, lakini mimi nabeba video. Nikiijaza ikapunguza mwendo, nitakurudishia."

"Irudi na boksi lake na risiti, ndani ya siku tatu. Isiwe na mkwaruzo."

Niliichomeka nje kwa kebo ya SATA kwenda USB 3.0 (TSh 15,000, na itakufaa miaka mingi) nikaendesha H2testw. Programu hii ni ya bure, hujaza diski yote kisha husoma tena kilichoandikwa. Kwa SSD zisizo na jina ni lazima, maana ziko zinazojitangaza TB 2 huku ndani pana kijiflashi. Hii ilikuwa ya kweli: GB 476 kwenye Windows, ambayo ndiyo 512 ya watengenezaji, na hakuna hitilafu hata moja. Kwa hilo muuzaji alisema kweli.

Mwendo ndio uliovunja moyo. Ilianza na MB 410 kwa sekunde. Ilipofika karibu GB 40 ikaanguka hadi 60, ikayumba kati ya 45 na 70 mpaka mwisho. Nikaiacha ipumzike, nikafuta, nikajaribu kazi halisi: kadi ya kwanza ikaingia vizuri kwa MB 90. Kadi ya pili, wakati Lightroom inatengeneza vijipicha vya ile ya kwanza, ikashuka hadi 30 na programu ikaganda. Yaani chini ya diski ya kuzunguka tunayoikimbia.

Kwa sekretari, kwa mwanafunzi wa chuo, kwa duka linalochapa barua, SSD hii ingetosha na ningeipendekeza: Windows ingewaka haraka, maandishi yake yasingefika GB 40 kwa wiki. Kwa studio haifai. Tuliirudisha na fedha tukapewa yote.

26 Machi: Mzigo kutoka Dar

Crucial MX500 ya GB 500, TSh 165,000, na TSh 5,000 za basi. Niliifuata ofisi ya vifurushi stendi mvua ikinyesha, nikaifungulia pale pale mezani mbele ya karani kabla ya kusaini. Boksi lilikuwa na lakiri, na ndani yake fremu nyembamba ya plastiki yenye gundi. Fremu hiyo ni ya kuongeza unene kutoka milimita 7 hadi 9.5 kwa mashine za zamani zenye chumba kipana. T480 haiihitaji, ukiibandika, diski haiingii kwenye kibebeo. Itunze kwa ajili ya mashine nyingine.

Nyumbani, programu ya Crucial Storage Executive iliitambua na namba yake ya usajili ikalingana na ya kwenye lebo. H2testw nayo: GB 465, hakuna hitilafu. Ilianza karibu na 430 ikashuka kidogo, haikwenda chini ya 300 hadi mwisho. Hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa nailipia.

28 Machi: Kunakili diski nzima, na kwa nini tuliacha

Nilitaka kuhamisha kila kitu kama kilivyo kwa Clonezilla. Inawaka kutoka kwenye flashi (F12 kwenye ThinkPad kuchagua), ni ya bure, na diski zote mbili zina ukubwa ule ule. Ilikwenda vizuri kisha ikasimama: imekuta sekta isiyosomeka. Ina chaguo la -rescue linaloiambia iruke sekta mbovu na kuendelea. Nikalitumia. Katikati umeme ukakatika, betri mbili za T480 zikabeba kazi bila kutetereka. Kwa mashine yenye betri iliyokufa, usianze kazi hii bila UPS.

Ilimaliza, Windows ikawaka kwenye SSD, na kwa saa nzima tulifurahi. Kisha Lightroom ikakataa kufungua katalogi, faili inayotunza orodha ya picha na marekebisho yake: imeharibika. Sekta zilizorukwa zilikuwa na vipande vyake. Hapo nikatambua kwamba hata kama katalogi ingepona, sina njia ya kujua ni faili gani nyingine ya mfumo imebeba shimo. Kunakili diski yote ni njia nzuri kwa diski yenye afya. Kwa diski iliyokwisha kuonyesha C5, chukua faili zako na upige Windows upya.

30 Machi: Windows upya

Prosesa ya kizazi cha nane inakubalika kwa Windows 11, na Windows 10 ilikuwa imepangiwa kuachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kurudi nyuma. Faili ya kusakinishia inazidi GB 5. Niliishusha kwa bando la usiku. Leseni ilijiwasha yenyewe ilipopata intaneti, kwa sababu imefungwa kwenye ubao wa mashine.

Jambo moja la kushika sana. Toleo la 24H2, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, huweza kuifunga diski kwa msimbo bila kukuuliza. Ni ulinzi mzuri laptopu ikiibiwa, lakini ubao ukiungua, hakuna fundi atakayezisoma picha zako bila ufunguo wa tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti, utafute ufunguo, uuchapishe. Wetu uko kwenye faili la leseni ya biashara.

Katalogi ya Lightroom tuliirudisha kutoka nakala inayotengenezwa wakati wa kufunga programu. Ilikuwa ya wiki moja nyuma, na kwa Kwaresima hakikupotea kitu.

5 Aprili: Vipimo

Kuwasha hadi kufanya kazi: sekunde 19. Kusoma kwa mfululizo: MB 556. Vipande vya KB 4: MB 31, kutoka 0.6. Kadi mbili mfululizo huku vijipicha vikitengenezwa: kadi zote zilikaa kati ya 85 na 90 na programu haikuganda.

Tuliongeza pia RAM ya GB 8 kwenye sloti iliyokuwa wazi. Bila hiyo, Windows ingeendelea kutumia SSD kama RAM ya ziada kila tunapofungua Premiere, programu ya kuhariri video.

Amri ya fsutil behavior query DisableDeleteNotify imejibu 0, maana yake TRIM inafanya kazi na SSD inaambiwa faili ipi imefutwa. Kama yako inajibu 1, irekebishe kabla ya kulalamikia mwendo.

28 Aprili: Wikiendi ya kwanza baada ya Pasaka

Harusi moja Jumamosi, kipaimara Jumapili. Kadi zote ziliingia Jumapili usiku, picha za kuonja zikatumwa kwa maharusi Jumatatu kabla ya mchana. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya Jumatano. Diski ilibaki na nafasi ya GB 90, na tumeamua isiwe chini ya 70, kwa sababu SSD iliyojaa hukosa mahali pa kupangia na eneo lake la muda hupungua.

30 Juni: Hali ya sasa na gharama

CrystalDiskInfo inasema afya asilimia 99, na maandishi yote tangu mwanzo, pamoja na kuijaza kwa majaribio, ni TB 2.3. Kiwango cha mtengenezaji ni 180.

Diski ya zamani ilikuwa imekaa kwenye droo. Kuna fundi aliiomba, na nilisita kwa sababu ya sura za watu zilizomo: maharusi, watoto wa kipaimara, pasipoti. Nimeifuta kwanza kwa diskpart, amri ya clean all, inayoandika sifuri kila mahali na kuchukua saa kadhaa. Amri ya clean bila all hufuta orodha tu, picha hubaki. Amechukua kwa ajili ya vipuri, na anajua isitunziwe kitu.

Tumetumia: diski ya nje TSh 150,000, kebo 15,000, SSD na usafiri 170,000, RAM 50,000, flashi ya kusakinishia 12,000, bando 10,000. Jumla TSh 407,000. Anayeanza na diski isiyo mbovu na tayari ana diski ya nje anaweza kuishia 200,000 hivi.

Kilichobaki ni nakala ya pili. SSD ikifa mara nyingi haitoi ishara kama C5 ilivyotupa. Inalala nzima, haiamki. Kwa sasa kila harusi iko kwenye mashine na kwenye diski ya nje, na zote mbili ziko chumba kimoja. Mwezi wa nane tunanunua diski nyingine ya nje itakayokaa nyumbani kwa mwenzangu, Soweto ya hapa Moshi, na kubadilishana kila Jumatatu.